Msitu wa Majivu Haudai Rangi

Kuna hukumu imezagaa miongoni mwa wapenzi wa filamu, na wengi wanaoitoa ni watu wenye nia njema. Wanasema televisheni ya zamani ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu ya ufukara tu. Waliotengeneza vipindi vile waliitamani rangi, hawakuipata, wakabaki na kijivu chao kama mtu anayekula ugali mkavu kwa kukosa kitoweo. Basi anayekuja leo na kompyuta, akaipaka kazi yao rangi, anawalipia deni walilokufa nalo.

Hukumu hii si ya kweli. Ushahidi wa kuipinga ninao kwenye rafu ya nyumbani: kasha la DVD la mwaka 2006 liitwalo The Beginning, lenye hadithi tatu za mwanzo kabisa za Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC. Ninayoizungumzia ni ya pili, ile ya sayari ya Skaro, ambamo viumbe waitwao Dalek walionekana kwa mara ya kwanza. BBC iliionyesha Jumamosi saba mfululizo, kuanzia tarehe 21 Disemba 1963 hadi tarehe 1 Februari 1964. Miaka 60 baadaye, Novemba 2023, shirika hilohilo liliirudisha hewani ikiwa imepakwa rangi na kukatwa hadi dakika 75. Watu walishangilia. Mimi nilihuzunika, na nimeamua kueleza kwa nini.

Naelewa imani hii ilivyotuingia sisi wa huku Tanzania. Zanzibar walianza televisheni yao miaka ya 1970, na wakaanza moja kwa moja na rangi. Bara tukangoja hadi 1994, dunia ikiwa imeshaihama nyeusi na nyeupe zamani sana. Kwetu picha isiyo na rangi haikuwa zama fulani za sanaa. Ilikuwa seti ya bei rahisi. Nyumbani kwetu ilikuwepo moja, chogo ndogo yenye antena ya kugeuzageuza, na siku za mpira tuliikimbia tukaenda kwa jirani mwenye seti ya rangi, maana kwenye yetu jezi zote zilifanana. Aliyekulia hapo hawezi kulaumiwa akiona kijivu akadhani kuna kitu kimepungua. Mechi ile ilichezwa kwa rangi, na seti yetu ndiyo iliyotunyima. Skaro ni jambo jingine. Skaro haikuwahi kuwa na rangi ambayo mtu alinyimwa.

Chukua mfano wa meza ya kuendeshea ndani ya TARDIS, chombo anachosafiria Daktari, mhusika mkuu; meza ile yenye pembe sita, katikati ya chumba kinachong'aa kwa weupe. Studioni meza ile haikuwa nyeupe. Ilipakwa kijani hafifu, kwa sababu kamera za wakati ule ziliumizwa na nyeupe kali: ilimeta na kuichafua picha. Kijani kile kilipopita kwenye kamera kilimfikia mtazamaji kikiwa cheupe safi, kisicho na doa. Waliokipaka walijua kitatokeaje nyumbani kwa mtu, kama mpishi anavyojua chumvi anayotia sasa itakoleaje maji yakishakauka.

Sasa mpaka rangi wa leo afanyeje na meza hiyo? Akiipaka kijani kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa studioni, anamwonyesha mtazamaji kitu ambacho wenyewe walihakikisha hakionekani. Akiipaka nyeupe, amekiri kwamba kazi halisi ni ile picha ya kijivu, na rangi ya studioni ilikuwa chombo tu cha kuipata. Njia ya tatu sijaiona. Wale mafundi hawakuwa wakisubiri rangi. Walikuwa wakifanya kazi ndani ya mwanga na kivuli, kwa ujuzi mkubwa, kama waashi wa Lamu waliochonga zidaka kwenye plasta nyeupe tupu wakiacha kivuli kiwe ndiyo nakshi. Hakuna mtu mwenye akili anayeingia kwenye nyumba ile na kopo la rangi ili amsaidie mwashi aliyetangulia.

Halafu kuna msitu, na kwangu mimi hadithi nzima imesimama juu ya msitu ule. Daktari, mjukuu wake Susan, na walimu wawili wa shule ya London, Ian na Barbara, wanatua mahali wasipopajua. Kipimo cha mionzi kinasoma salama. Wanakipa mgongo, na hapo ndipo mshale unapopanda hadi eneo la hatari bila yeyote kati yao kuuona. Tumeuona sisi. Wanatoka nje, wanakuta miti iliyogeuka jiwe na ardhi ya majivu. Susan anaokota ua lililokauka likiwa zima, kitu pekee chenye urembo mahali pale, na muda si mrefu linasagika mkononi mwa Ian. Baadaye ndipo tunapojua kwamba bomu la nyutroni liliangushwa hapa katika vita vya kale.

Mwaka 1963 Waingereza hawakuhitaji kuelezwa bomu ni nini. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu mzozo wa makombora ya Cuba. Na kwenye picha isiyo na rangi, macho yako yanatafuta dalili ya uhai katika msitu ule na hayaipati, kwa sababu hakuna kijani cha kukufariji wala samawati ya kukuonyesha anga. Majivu, miti, nguo za wasafiri, ngozi zao, vyote vimetokana na kijivu kilekile kimoja. Mionzi ikianza kuwaumiza, hupati njia ya mkato ya kumtazama mtu usoni ukasema huyu amebadilika rangi. Unalazimika kutazama anavyoegemea ukuta na anavyovuta pumzi. Katika toleo la 2023 mtu ameshaamua kwa niaba yako msitu una rangi gani, na dakika anapoamua, unakuwa msitu wa studio.

Nitajibiwa kwamba wangekuwa na uwezo wangefanya hivyohivyo. Bahati nzuri hatuhitaji kukisia. Mwaka 1965 hadithi hiihii ilitengenezewa filamu ya sinema, Dr. Who and the Daleks, ikiwa na Peter Cushing badala ya William Hartnell, Daktari wa televisheni, kwa rangi kamili na kwa fedha ambazo televisheni haikuota kuzipata. Itazameni. Dalek wanapendeza, wekundu kwa weusi na samawati. Msitu unamulikwa kijani. Ni filamu ya kufurahisha watoto siku ya sikukuu, na kwa kazi hiyo ilifanikiwa. Lakini hofu imeondoka. Mji wa Dalek unavutia kama uwanja wa maonyesho, na wala hukumbuki kwamba watu walikufa hapa. Waliokuwa na rangi mikononi walitengeneza kitu kingine kabisa.

Wapo wanaosema kutetea picha ile ya zamani ni kung'ang'ania udhaifu wake. Sifichi udhaifu. Lime Grove, walikorekodia, ilikuwa studio finyu na yenye joto. Dalek waliotengenezwa walikuwa wanne tu, na palipotakiwa kundi kubwa zilisimamishwa picha zao nyuma. Walirekodi karibu kama watu wa jukwaani, sehemu nzima jioni moja, kwa kuwa kukata mkanda wa video kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Hartnell alipojikwaa akasema glavu za kuzuia mionzi badala ya dawa za kuzuia mionzi, alijisahihisha palepale na kazi ikaendelea. Lakini hebu fikirieni: kivuli na ukungu wa picha ya televisheni ya wakati ule, ya mistari 405, ndivyo vilivyozifanya zile picha za nyuma ziwe Dalek wa kweli. Ukija na rangi kali na picha kali, umeuondoa msaada pekee waliojipangia, kisha unawacheka kwa kubaki uchi.

Na ndani ya vizuizi vile alikuwepo Raymond Cusick, mbunifu wa BBC, aliyepewa maneno machache kwenye mswada wa Terry Nation akatoa umbo ambalo hadi leo mtoto wa Uingereza hulichora bila kuambiwa. Hana uso, hana miguu, hana mikono ya kibinadamu. Cusick alitaka mtazamaji asahau kabisa kwamba ndani kuna mtu. Verity Lambert, mtayarishaji mwenye umri wa miaka 28 katika shirika lililotawaliwa na wanaume wakubwa kwake, aliwatetea Dalek mbele ya bosi wake Sydney Newman, ambaye hakutaka mazimwi ya kutisha watoto. Lambert alishinda kwa sababu watazamaji walifurika. Kabla hadithi haijaisha walikuwa wamefika karibu milioni kumi. Milioni kumi wale walitazama kijivu, na waliogopa.

Sipingi kila mkono wa leo unaogusa kazi ya jana. BBC ilifuta kanda nyingi za video za kipindi hiki ili izitumie tena, na kilichosalia kimesalia hasa kwa sababu nakala za filamu zilipigwa kutoka kwenye skrini kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Zaidi ya sehemu tisini za miaka ya 1960 hazijulikani zilipo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba nyingine tisa zimepatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, baada ya kukaa huko miongo kadhaa. Nakala za namna hiyo zina mikwaruzo, vumbi, na kasoro moja kubwa: mwendo wa video, uliokuwa laini, uligeuka mwendo mzito wa filamu. Waliotayarisha DVD walisafisha vumbi, kisha kwa programu iitwayo VidFIRE wakaurudisha ule mwendo laini. Hiyo ndiyo kazi ya kuheshimiwa. Mwendo ule ulikuwepo, mtazamaji wa 1963 aliuona, ukapotea, umerudishwa. Rangi haikuwepo. Anayeichanganya kazi ya kwanza na ya pili, akaziita zote ukarabati, anawadanganya watu.

Kuhusu muziki nitasema kidogo tu. Tristram Cary alitunga sauti za kielektroniki za kubana kifua, akazitumia kwa uchache, na Brian Hodgson akaupa mji wa Dalek mlio unaodunda kama moyo wa kitu kilichojificha. Katikati kuna ukimya. Toleo jipya limeongeza muziki, na ukimya ule nimeutafuta bila kuupata.

Sasa hili la kukata. Karibu dakika mia moja zimetupwa, na hoja ya waliozikata ni kwamba watu wa leo hawana subira. Sehemu ya tano na ya sita ndizo zinazosemwa vibaya kuliko zote: kinamasi, mapango, watu wakiruka shimo mmojammoja huku wamefungana kamba. Kweli, ukiketi usiku mmoja kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya saba, utafika pangoni umechoka. Lakini nani alikuambia uketi usiku mmoja? Kazi ile ilipimwa kwa wiki saba. Deki imetupa uwezo wa kumeza yote kwa mkupuo, tukameza, tukavimbiwa, kisha tukamlaumu mpishi. Mle pangoni yumo Antodus, kijana wa Wathal, wale watu wa Skaro walio maadui wa Dalek, mwenye hofu ambaye hamwambii yeyote isipokuwa ndugu yake. Hofu hiyo haina maana ikipewa nusu dakika. Inahitaji kukaa na mtazamaji, aende nayo shuleni, arudi nayo, akijua kwamba wiki ijayo yule kijana atafikiwa na zamu yake ya kuruka.

Kwa hiyo mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili tumeamua kuitazama sehemu moja kwa jioni, yale matoleo ya zamani, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mjomba, hii sidi imeharibika?" Nikamjibu hapana, ndivyo ilivyotengenezwa. Hakunijibu kitu na sikumshawishi zaidi. Barbara alipopotea kwenye korido za mji ule, milango ikijifunga nyuma yake mmoja baada ya mwingine, mpwa wangu aliacha kula karanga. Kisha mkono wa chuma ukaingia kwenye picha ukimwelekea Barbara, naye akapiga kelele, na sehemu ikaishia hapo bila sisi kumwona mwenye mkono. Mpwa wangu alitaka niendelee. Nilizima deki, na akaninunia mpaka wakati wa kulala.

Jana tulimaliza ya sita. Antodus ameruka akakosa ukingo, ananing'inia shimoni, na kamba iliyomshika imefungwa kiunoni mwa Ian, ambaye anaburutwa kuelekea shimo. Ya saba ni leo saa moja na nusu jioni, baada ya yeye kumaliza kazi zake za shule.