Sungura Mweupe Si Uchawi

Katika mabanda ya sungura ya hapa Sumbawanga huweza kutokea jambo la kushangaza: dume wa kijivu na jike wa kijivu wakazaa mtoto mweupe pepe, mwenye macho mekundu. Mwenye dume hudai kuwa jike alipandwa kwingine. Jirani naye hunong'ona mengine. Jina la mji wetu hufasiriwa "tupa uchawi". Basi na tuutupe.

Kila sungura hurithi chembe mbili za rangi hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Chembe ya weupe ni nyonge: ikikutana na ya rangi hujificha, lakini haipotei. Wazazi wawili walioificha wakipandishwa, kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne hurithi mbili, akazaliwa mweupe. Huyo hana ila. Mfuge bila wasiwasi. Kanuni hiyo Gregor Mendel aliichapisha mwaka 1866, baada ya majaribio ya njegere.

Hatari iko kwa yule tumpendaye zaidi: sungura mweupe mwenye madoadoa ubavuni na mstari wa rangi mgongoni. Yeye ana chembe moja tu ya madoa, na ni mzima. Lakini ukimpandisha na mwenziwe wa madoa, kwa wastani robo ya watoto watarithi chembe mbili. Hao huwa karibu weupe watupu, wenye rangi kidogo masikioni na kandokando ya macho, na macho yao si mekundu. Wengi wao utumbo mpana hupanuka na kulegea. Choo hukwama, tumbo hujaa, nao hukonda ingawa wanakula. Wakifa, watoto wetu hulia, nasi twalaumu baridi ya Juni na Julai.

Kinga yake haigharimu hata senti. Mpandishe wa madoa na wa rangi moja. Kwa wastani nusu ya watoto watakuwa na madoa, na hapatazaliwa hata mmoja mwenye chembe mbili. Tena, usipandishe ndugu kwa ndugu, maana hapo ndipo chembe nyonge zenye madhara hukutana. Badilishaneni madume na wafugaji wa Mazwi au Katandala.

Mkabidhi mwanao daftari, aandike baba, mama, tarehe na rangi za kila uzao. Uzuri wa ngozi usinunuliwe kwa mateso ya mnyama.