Hekalu Linalokataa Pesa Zako

Tarehe 9 Februari 2000, hekalu moja katika mji mdogo wa Gujarat, magharibi mwa India, lilifanya jambo ambalo nyumba nyingi za ibada haziwezi hata kuliota. Liliacha kupokea matoleo. Halikupunguza, liliacha. Ukifika leo Virpur, zaidi kidogo ya kilomita 50 kusini mwa Rajkot, na noti zako mfukoni, utarudi nazo. Utapanga foleni, utaingia, utainamisha kichwa kama unataka, kisha utaonyeshwa pa kula. Utapewa boondi (usiogope, si yule ndege wa usiku, ni vipunje vitamu vya unga wa dengu) na gathia za kukaanga. Ukifika saa za mlo kamili, utaketi na wengine ule ushibe. Hakuna atakayekuuliza wewe ni wa kabila gani, dini gani, wala ulitenda dhambi gani jana. Ukimaliza, nenda zako. Huna deni.

Hayo maneno mawili, huna deni, ndiyo ninayotaka tuyapiganie hapa. Kwa maoni yangu hakuna kitu kitakatifu zaidi Virpur kuliko sufuria ile na lile "hapana" linaloambiwa mkoba wa tajiri. Wengi wanaompenda mtakatifu wa pale, wakiwemo majirani zetu wa hapa Nairobi, wamebeba picha yake wakaiacha sufuria nyuma. Na sisi wengine, ambao si Wahindu, tuna deni la kujifunza kabla hatujacheka.

Huyo mtakatifu ni Jalaram, ambaye waumini humwita Bapa, yaani baba. Alizaliwa 1799 katika jamii ya Walohana, watu wa biashara, akafariki 1881. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, ami yake naye alikuwa na duka, na kijana alitegemewa ashike kazi ya ukoo. Shida ni kwamba kila mtawa maskini aliyepita dukani aliondoka na kitu bila kulipa. Kwa kifupi, jamaa alikuwa mfanyabiashara mbovu kabisa. Akiwa na miaka 18 akawa mfuasi wa Bhoja Bhagat, mshairi wa ukoo wa wakulima ambaye baadhi ya tungo zake ziliitwa viboko, kwa jinsi zilivyowachapa wanafiki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1820, yeye na mkewe Virbai wakafungua jiko la kumlisha kila apitaye.

Wagujarati huliita jiko hilo sadavrat. Neno lisikupotoshe, halina undugu na sadaka yetu. Ni nadhiri ya kudumu kwamba chakula kitatolewa leo, kesho na kesho kutwa, kwa yeyote. Januari 2020 Virpur iliadhimisha miaka 200 ya nadhiri hiyo. Katika muda huo Waingereza waliitawala India wakaondoka, na njaa kubwa ya 1899 na 1900, ambayo Wagujarati wanaiita Chhappaniyo, ikapita na roho za watu wengi. Sisi hapa tunaanzisha mradi wa kulisha watoto, tunapiga picha za uzinduzi, na muhula wa pili mradi umekufa.

Sasa tumzungumzie Virbai, maana hapa ndipo hadithi inaponikera.

Inasimuliwa kwamba siku moja mzee mtawa alifika Virpur akasema hataki chakula. Alitaka mke wa Jalaram aende kumtumikia. Jalaram akamuuliza mkewe, mkewe akakubali, wakaondoka. Walipofika porini mzee akamwambia amshikie fimbo yake na mkoba, halafu akatoweka. Alikuwa Mungu, akiwapima. Fimbo na mkoba vimehifadhiwa hekaluni hadi leo, na mahujaji hupanga foleni kuviona.

Hadithi hii ikisimuliwa, sifa zote humwendea mume: tazama jinsi alivyotoa hata mke! Ati nini? Mtu si debe la mtama. Aliyetoka mlangoni kwa miguu yake akamfuata mgeni asiyemjua ni Virbai. Aliyerudi nyumbani ameshika fimbo ni Virbai. Na kabla ya hapo, masimulizi hayohayo yanasema wawili hao walifanya kibarua mashambani wakati wa mavuno ili wapate nafaka ya kuanzia jiko, na kwamba ghala lilipokauka, vilivyouzwa ni vito vya Virbai. Haya basi, nani alitoa nini?

Sisemi hivi ili kuwaharibia waumini sherehe yao. Nasema kwa sababu ukimfanya Virbai kuwa zawadi, unasahau kwamba alikuwa mpishi. Na ukisahau wapishi, utakatifu unageuka kuwa mambo ya fimbo na moshi wa ubani. Kulisha watu miaka 200 ni kusaga, kuchota maji, kuosha masufuria, kuamka alfajiri mgongo ukiuma. Mikono ikikosekana siku moja tu, muujiza wa nadhiri hiyo umekwisha.

Machi 2025 kulitokea vurugu kuhusu jiko hilohilo. Mtawa mmoja wa madhehebu ya Swaminarayan alidai kwamba jiko la Virpur lilitokana na baraka za mtakatifu wa kwao. Walohana wakawaka, maduka ya Virpur yakafungwa kwa kupinga, na mtawa akaomba radhi. Naelewa hasira yao. Lakini tazama kilichogombaniwa: jina la nani liandikwe juu ya chakula. Jalaram mwenyewe, kwa masimulizi ya wafuasi wake, alipokea nafaka kutoka kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyeitwa Jamal, baada ya mtoto wa Jamal kupona, na hakuna aliyeuliza ni baraka za dini gani zilizojaza gunia. Mwenye njaa hakuli jina la mfadhili.

Turudi kwetu, maana uhusiano upo na ni wa zamani. Walohana ni miongoni mwa Wagujarati walioivuka Bahari ya Hindi wakaja kufungua maduka Afrika Mashariki, kutoka pwani mpaka ndani kabisa. Nanji Kalidas Mehta aliyeanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda, alikuwa Mlohana. Muljibhai Madhvani wa Kakira pia. Walipokuja walikuja na Bapa wao, na Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, wengine wakamhamishia Leicester na London. Ndiyo maana ukiingia duka fulani hapa mjini unaweza kumwona ukutani, mzee wa kilemba cheupe na fimbo mkononi, anatabasamu juu ya kaunta.

Juu ya kaunta! Kijana aliyeshindwa biashara kwa sababu ya kugawa bidhaa za watu leo amekuwa mlinzi wa mauzo. Anavukiziwa udi asubuhi ili wateja waje. Na hapo mlangoni soja, ambaye amesimama tangu saa kumi na mbili, anakula maharagwe yake kwenye kopo, amechuchumaa nyuma ya gari la Tajiri. Waliotenganishwa na ukuta mmoja, mmoja ana mtakatifu wa chakula na mwingine ana njaa. Jalaram gani huyo?

Najua mtaani kuna watu wanaopenda kusikia "Wahindi ni wachoyo" kisha wakalala vizuri. Mimi siko upande wao, maana huo ni uvivu wa kufikiri, na unavunjwa na mlo mmoja tu pale Makindu. Kila aliyesafiri kwa gari kati ya Nairobi na Mombasa anaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa 1926 na Masingasinga wa reli. Unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chai, chapati na dengu. Dereva wa lori anakaa mkeka mmoja na mwanasheria. Ukitaka kuchangia utachangia, usipotaka hakuna atakayekukodolea macho. Karibu miaka 100 sasa, na bado wanapika. Kwa hiyo jambo hili linawezekana kwenye ardhi hii, kwa bei hizi za unga, na kwa watu hawahawa tunaowasema.

Swali ni kwa nini Makindu ni kituko cha kusimulia badala ya kuwa kawaida. Na hapa kidole kinatugeukia sisi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kanisa nililokuwa nikihudhuria wakati huo lilikuwa na nambari ya M-Pesa kwenye skrini kubwa, ikibaki pale ibada nzima, hata wakati wa maombi ya wagonjwa. Tuliambiwa tupande mbegu. Nilipanda hamsini, nikapanda mia. Muhula ule ambao nilikuwa nalala na maji na biskuti, kitu pekee kilichotoka kanisani kuja kwangu ni ujumbe wa simu wa kunikumbusha fungu la kumi. Pasta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaendesha nyumba ya ibada kama nyumba nyingi zinavyoendeshwa, kwamba wewe unatoa kwanza, baraka itafuata, na isipofuata basi hukutoa kwa imani.

Virpur imegeuza mpangilio huo juu chini. Unakula kwanza, na "kisha" haipo.

Nimewahi kubishana na watu kuhusu hili, na majibu huwa yaleyale matatu.

La kwanza: "Hao wana matajiri wa London nyuma yao, wanaweza kumudu." Sawa, unga hauanguki kutoka mbinguni. Kwa miaka 180 watu walitoa Virpur, na halikuwa kosa. Lakini kama utajiri ndio unaomfanya mtu akatae pesa, mbona Tirumala, kusini mwa India, hekalu ambalo ni miongoni mwa yenye mali nyingi zaidi duniani, bado linauza tiketi ya rupia 300 ili upite foleni fupi kumwona mungu? Utajiri haujawahi kumfundisha mtu kusema imetosha. Tajiri wa London akifika Virpur na bahasha yake naye anarudishwa nayo, sawa na muuza mboga. Hicho ndicho wasichoweza kukinunua, kuonekana wakitoa.

La pili: "Ukinikatalia sadaka yangu umeninyima baraka. Kutoa ni ibada." Hili nalichukulia kwa uzito, maana ni la watu waaminifu. Lakini we fikiria mtu aliyesafiri mpaka Virpur na elfu kumi za kutoa, akaambiwa hapana. Pesa bado ziko mfukoni, na tumbo limeshiba chakula ambacho hakukilipia. Ana njia mbili. Azipeleke nyumbani akanunue viatu, au atafute mwenye njaa karibu na kwake. Hekalu limemkatalia njia ya mkato ya kuweka pesa kwenye sanduku na kujiona amemaliza. Kwa maoni yangu hija ya Virpur inaanza ukishatoka getini.

La tatu ndilo linalopendwa zaidi, hasa na walioshiba: "Ukiwalisha bure watazoea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jameni, isikilizeni methali yenyewe. Inaanza na siku mbili za chakula! Nyinyi mnataka kuanza na jembe. Kuna nyingine inayosema mwenye njaa hana miiko, na hiyo hamuitaji kamwe. Na Jalaram na Virbai hawakuwa wageni wa jembe. Walilima mashamba ya watu ndipo wakapika. Hawakumwambia msafiri aoneshe sugu za mikono kabla ya kupewa sahani. Mtu mvivu na mtu aliyechoka wanafanana wakiwa na njaa, na wao hawakutaka kazi ya kuwatenganisha.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa. Wewe uliye na Bapa ukutani, mwache hapo, ni mzuri wa kutazama. Lakini ikifika Alhamisi, siku ambayo waumini wake wengi humkumbuka, mlishe soja wako, ndani, kwenye kiti, chakula kilekile unachokula wewe. Ongeza mtu anayebeba mizigo yako. Wiki ijayo ongeza mwingine. Ukiweza kwenda Virpur mwezi wa Desemba ukaungana na jamaa zako kwenye foleni, unaweza kuvuka mlango wa duka lako ukiwa na sahani.

Na sisi wa makanisa na misikiti tuanze na Jumapili moja au Ijumaa moja kwa mwezi ambapo nambari ya M-Pesa inazimwa, kapu halipitishwi, na harufu ya madondo na chapati inatoka jikoni. Watakaosema haiwezekani waulizwe mishahara ya nani inalipwa na kapu. Wanafunzi wa vyuo watajaa, najua, kwa sababu nawajua. Watakuja kwa ajili ya chapati. Wapeni wale, wala msiwahubirie wakiwa wanatafuna.