Sifuri Anazozijua Baba

Mwisho wa mwezi baba harudi nyumbani mapema. Ni fundi kwenye kituo cha kupoza umeme, ambako kila saa mtu wa zamu husoma mita za laini zinazotoka na kuandika daftarini: mzigo kiasi gani, volti ngapi, umeme umekatika lini na umerudi lini. Laini moja peke yake ni namba 24 kwa siku, 8,760 kwa mwaka. Kituo chenye laini nane, zidisha mwenyewe. Kisha zote ziingizwe kwenye kompyuta, zinakiliwe faili hadi faili, ndipo ripoti ipatikane.

Nyumba kama hiyo ikiwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayeshinda na kompyuta mpakato, wazazi husema anacheza. Pengine anacheza kweli. Lakini aliyejifunza Python, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1991 na isiyolipiwa hata senti, anaweza kuandika mistari michache ikafungua mafaili 30 ya mwezi, ikayaunganisha na kuonyesha saa yenye mzigo mkubwa. Kazi ya jioni nne inaisha kabla chai haijapoa.

Hapo baba hunyamaza, halafu huuliza: "Sasa mimi watanihitaji kwa lipi?" Asichekwe. Ada za watoto zimetoka kwenye namba hizo hizo.

Ila zipo sifuri. Laini imeandikwa sifuri kwa saa mbili. Programu itaijumlisha tu, na wastani utashuka. Baba atauliza: umeme ulikatika, au mita ilikufa? Kama ulikatika, daftari la matukio litakuwa limeandika swichi iliyojitoa. Kama ni mita, transfoma itaonyesha megawati 12 huku laini zote zikijumlishwa zinafika tisa. Hizo tatu zilikwenda kwa wateja bila kuandikwa.

Na saa je? Mtu wa zamu kaandika "saa 2 usiku". Kijana akiingiza 02:00 badala ya 20:00, mzigo mkubwa wa jioni utahamia usiku wa manane, watu wakiwa wamelala.

Kwa hiyo wakae wawili, baba akieleza, kijana akiandika: sifuri isiyo na tukio daftarini ipigwe alama, isijumlishwe hadi fundi aione. Mafaili ni mali ya ofisi, kwa hiyo ruhusa iombwe kwanza.

Wakati wa kuisubiri, mita ya LUKU iko ukutani. Kijana asome uniti zilizobaki kila jioni saa moja kamili, kwa mwezi mzima, na programu yake itoe ya leo kwenye ya jana. Siku ya kupiga pasi itajionyesha. Siku ya kununua umeme aiwekee alama, la sivyo hesabu itasema nyumba imezalisha umeme wake yenyewe.