Krimu za Madoa ya Chunusi: Staa Anasema Siku 7, Mimi Nasema Wiki 12

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee kitu kinachotulia hela zetu kimyakimya: hizi krimu za kuondoa madoa ya chunusi ambazo mastaa wetu wanazipigia debe kila tukifungua simu.

Stori yenyewe mnaijua. Kuna dada mmoja wa bongo muvi, jina kapuni, anaweka picha mbili. Ya kwanza uso una madoa, umepigwa chumbani kwenye giza. Ya pili uso unang'aa kama umepigwa msasa, taa ya duara inaonekana mpaka kwenye mboni ya jicho. Chini kaandika, "Siku saba tu jamani, siamini!" Kopo elfu themanini, tuma hela kwenye namba hii, boda anakuletea popote ulipo Dar. Na sisi tunajaa kwenye komenti: "Bei gani?", "Nahitaji makopo mawili", "Mikoani mnatuma?"

Hakuna hata mmoja anayeuliza ndani ya kopo kuna nini.

Msimamo wangu ni huu: krimu inayodai kufuta madoa ya chunusi kwa siku saba, ama inakudanganya, ama ina kitu ambacho hakitakiwi kukaa usoni kwako. Na staa anayechukua hela kuitangaza bila kusema kilichomo anastahili kuulizwa palepale kwenye posti yake.

Kwanini siku saba haziwezekani?

Chunusi ikiwaka, ngozi inavimba kwa ndani. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zinashtuka na kumwaga rangi nyingi kuliko kawaida. Chunusi inapona, rangi inabaki. Sisi wenye ngozi nyeusi seli zetu zinatengeneza rangi kwa wingi zaidi, ndiyo maana kachunusi kadogo tu kanaweza kukuachia doa la miezi.

Sasa rangi hiyo ikiwa imekaa tabaka la juu, doa linakuwa la kahawia na lenyewe linafifia taratibu, miezi kadhaa mpaka mwaka na zaidi. Ikizama chini, doa linakuwa na ukijivu fulani hivi au ubluu, na hilo linaweza kukaa miaka. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa takribani wiki nne. Kwa hiyo siku saba hata mzunguko mmoja haujaisha! Hiyo krimu imefuta nini?

Na tusichanganye mambo: doa ni rangi, kovu ni shimo au kinundu. Kama chunusi imekuachia vishimo, hakuna krimu ya elfu themanini itakayovifukia. Hilo ni la daktari wa ngozi.

Nilivyoijaribu ya kwangu

Ili nisiwe mtu wa maneno tu, nilichukua krimu moja ya kawaida ya famasi, kopo elfu thelathini na nane, yenye naisinamidi asilimia 5. Sitaji jina kwa sababu sijaja kuiuzia mtu. Naisinamidi ni aina ya vitamini B3, na inapunguza kasi ya rangi kusafirishwa kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli za juu.

Kwanza niliipaka ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Hakuna muwasho, hakuna vipele. Ndipo nikaipeleka usoni, lakini shavu la kulia tu. Shavu la kushoto halikupata kitu zaidi ya mafuta yangu ya kawaida. Krimu ya kukinga jua, SPF 30, nilipaka uso mzima kila asubuhi, pande zote mbili sawa. Sikuongeza sabuni mpya, sikubadilisha kitu kingine. Picha nilipiga kila Jumapili saa nne asubuhi, dirisha lilelile, bila filta, bila poda.

Wiki ya 4: hakuna cha kusimulia. Mtu mwenye haraka angetupa kopo hapo. Wiki ya 8: madoa ya kulia yameanza kupauka, ya kushoto nayo kidogo. Wiki ya 12: kulia, madoa mawili kati ya matatu unayatafuta kwa tochi. Kushoto nako yamefifia, ila yako nyuma, bado unayaona ukikaa karibu. Na lile la tatu la kulia, lenye ukijivu, liko palepale kama limelipa kodi.

Cha kushangaza wengi ni hilo shavu la kushoto. Halikupata krimu ya madoa hata siku moja, na bado lilipona kwa sehemu, kwa muda na kukingwa jua tu. Sasa fikiria ningepaka uso mzima halafu nikapiga picha ya mwisho. Sifa zote angepewa mwenye kopo! Ndivyo "kabla na baada" nyingi zinavyotengenezwa hata pale ambapo muuzaji hana nia mbaya. Madoa yanafifia yenyewe, kopo linachukua ujiko.

Uso mmoja si utafiti, hilo liko wazi. Lakini uso wako ndio unaoishi nao, na jaribio la shavu moja kwa moja linagharimu subira tu. Ningeinunua tena kwa elfu thelathini na nane? Ndiyo. Kwa laki? Hapana, hata atangaze nani.

Sasa zile zinazofanya kazi kweli kwa siku saba

Hapa ndipo pananitisha. Zipo krimu ambazo kweli ndani ya wiki uso umebadilika. Mara nyingi humo ndani kuna steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Vitu vyote hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS. Lakini vinapita, vinabadilishiwa makopo, vinauzwa DM.

Steroidi inazima wekundu na uvimbe haraka, ndiyo maana siku za mwanzo unajiona malaika. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota, na ukiacha tu chunusi zinarudi na hasira kuliko mwanzo. Haidrokwinoni ni dawa ambayo madaktari wanaijua na kwenye baadhi ya nchi wanaiandika kwa muda maalumu, lakini ukijipaka kiholela kwa miaka inaweza kukuletea mabaka ya bluu-nyeusi ambayo kuyatoa ni shughuli. Zebaki ndiyo usiseme: inaharibu figo, na haibaki kwako peke yako. Inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto unayembeba.

Kwa hiyo geuza kopo, soma. Ukiona "hydroquinone", "clobetasol", "betamethasone", "mercury" au "calomel", rudisha. Ukiona kopo halina orodha yoyote ya vilivyomo, hilo ni jibu tayari. Na kama muuzaji anakwambia "tunachanganya wenyewe, ni siri ya biashara", dada yangu, huo ni mkorogo tu uliovaa suti.

Limau na dawa ya meno mnazoambiana kwenye magrupu nazo ziacheni. Limau ukipaka ukatoka juani linaweza kuunguza ngozi na kukuachia weusi mpya juu ya ule wa zamani.

"Sisi weusi jua halituhusu"

Hii kauli nayo tuizike. Jua ndilo linalolilisha doa. Unapaka krimu ya bei mbaya usiku, mchana unasimama kituo cha daladala saa saba bila kinga, umefanya nini? Halafu wanaodhani kinga ya jua ni ya wazungu waende Moshi, pale KCMC. Huko kulianza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ndugu zetu ambao jua kwao ni suala la uhai. Kinga ya jua si ulimbukeni.

Tumia SPF 30 kwenda juu, kiasi cha mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo. Kwa madoa, zile zenye rangi kidogo, za kahawia, zinasaidia zaidi, kwa sababu hata mwanga wa kawaida wa jua tunaouona unakoleza doa kwenye ngozi nyeusi. Na kwanza kabisa, tibu chunusi zenyewe na acha kuzitumbua. Unafuta doa moja huku unapanda mengine matatu, utamaliza lini?

Naisinamidi ikishindwa, kuna asidi azelaiki na dawa za jamii ya retinoidi kama adapalene. Hizo muulize mfamasia au daktari wa ngozi kwanza, na retinoidi mjamzito asiziguse kabisa.

"Muacheni, anatafuta riziki"

Najua mtanijia na hili. Staa naye ana kodi ya nyumba, matangazo ndiyo kazi yake, nani anamlazimisha mtu kununua? Sawa. Hakuna aliyemkataza kutangaza. Lakini anayeuza viatu vibovu, nitapata malengelenge, nitavivua. Uso hauvuliwi. Binti wa chuo aliyejinyima boom lake kununua kopo la elfu themanini hana hela ya kwenda kwa daktari wa ngozi likimharibu.

Na tuseme ukweli, wanaotupeleka kwenye makopo hayo si mastaa peke yao. Ni sisi. Msichana akiweka picha yake bila poda, komenti ya tatu tayari ni "uso kama barabara ya vumbi". Wiki hiyohiyo tunashangaa kwanini kaanza kujichubua. Wakaka nanyi msicheke, vipele vya ndevu vinaacha madoa yaleyale na nawaona mnavyoulizia bei huko DM.

Ninachowaomba mastaa wetu ni vitu vitatu. Semeni mmelipwa. Wekeni picha ya nyuma ya kopo inayoonyesha vilivyomo. Na tuonyesheni wiki ya 12, mwanga uleule, bila filta. Anayeiamini bidhaa yake hayo hayamgharimu kitu.

Na wewe msomaji, kabla hujatuma hela, andika komenti moja kwenye posti yake: "Ndani kuna nini?" Ukijibiwa, soma. Ukipigwa bloku, umeokoa elfu themanini.

Haya, uwanja ni wenu. Ulishawahi kununua krimu ya siku saba kwa sababu ya staa? Uso ulisemaje baada ya miezi mitatu? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu tuyaache kapuni.