Sumaku za kaka, tumbo la mdogo

Kijana wa miaka 13 akiomba hela ya sumaku, mzazi hudhani ni za somo la fizikia. Huenda ni za jeshi lake. Katika michezo ya mezani kama Warhammer, iliyoanza Uingereza mwaka 1983, mchezaji hununua askari wa plastiki wakiwa vipande vipande, huwaunganisha kwa gundi, huwapaka rangi, kisha huwapanga mezani na vita huamuliwa kwa kurusha dadu.

Askari hao si wa bei ya karanga. Mmoja huja na silaha tatu au nne, lakini gundi ikishakauka amebaki na moja. Hapo ndipo sumaku inapoingia. Kijana hutoboa tundu begani kwa drili ndogo ya mkono, hutoboa jingine kwenye mkono wa askari, na kila tundu hulitia sumaku yenye upana wa milimita 3 na unene wa milimita 1. Leo askari anashika upanga, kesho bunduki.

Ni kazi inayofundisha subira. Pande za sumaku zikigeuzwa, mkono unasukumwa badala ya kuvutwa, kwa hiyo wenye uzoefu huweka alama ya kalamu upande mmoja kabla ya kugusa gundi. Na gundi iachwe ikauke usiku kucha. Anayeharakisha kujaribu huona sumaku imechomoka tunduni na kung'ang'ania mwenzake. Mzazi asikimbilie kupiga marufuku. Kijana anayekaa saa mbili akipima tundu la milimita 3 hayuko mahali pabaya.

Tatizo ni zile zinazobaki mezani, na mdogo wake wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni.

Sumaku hizi si zile nyeusi za spika za zamani. Zimetengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, na nguvu yake haifanani kabisa na udogo wake. Mtoto akimeza moja, mara nyingi hupita na kutoka kwa njia ya kawaida. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au moja pamoja na kipande cha chuma, moja inaweza kuwa kwenye utumbo huku na nyingine kule. Zinavutana zikiwa zimebana kuta za utumbo katikati. Damu haipiti pale, nyama inakufa, utumbo unatoboka, na uchafu unamwagika tumboni.

Kinachowapotosha wazazi ni dalili. Mtoto anatapika, analalamika tumbo, pengine ana homa. Nani hajaona hayo? Anapewa dawa ya minyoo, anaambiwa alale. Wengine hawaonyeshi lolote mwanzoni. Kwa hiyo mzazi anayeshuku tu kwamba sumaku imemezwa asisubiri choo wala maumivu. Aende hospitali yenye eksirei na daktari wa upasuaji, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mtoto asitapishwe, wala asipewe chakula au kinywaji njiani, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi ili zitolewe.

Akifika, aitaje sumaku kwa jina na idadi anayoidhania. Mbili zilizoshikana huweza kuonekana moja kwenye picha ya mbele, ndiyo maana madaktari hupiga na ya ubavuni.

Hata nyumba isiyo na mchezo huo inazo: kwenye kisanduku cha spika za masikioni zisizo na waya, kwenye kava la simu la kufunga, kwenye midoli iliyopasuka.

Mwenye jeshi apewe mkebe wenye kifuniko kigumu na karatasi ya hesabu: zilinunuliwa 50, zimetumika 12, zimebaki 38. Zikihesabiwa 37, kazi isimame na mdogo asiachiwe sakafu. Kutafuta kwa macho kwenye zulia ni kujichosha. Kijana achukue sumaku kubwa, aivalishe mfuko wa plastiki, aipitishe taratibu juu ya zulia hadi isikike ikigonga. Kisha ageuze mfuko ndani nje, na iliyopotea itakuwa humo. Isipopatikana, na mdogo alikuwa chumbani, safari ni ya hospitali.