Kidude Chini ya Gari

Mwenye gari wa Miembeni, mjini Bukoba, akiambiwa na fundi wake kwamba nyuma ya bampa kumenata kidude cheusi chenye sumaku, hasira humpanda, naye hutamani kukitupa Mto Kanoni. Hasira hiyo twaielewa. Lakini kukitupa ni kosa kubwa.

Chombo hicho hupokea ishara za setilaiti na kujua mahali kilipo, kisha humpelekea habari aliyekificha. Vingi vya aina hiyo hutumia mtandao wa simu, kwa hiyo vina laini ndani. Na laini ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole; tangu Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Basi huenda mfichaji ameacha humo jina lake mwenyewe! Mwenye gari na akipige picha kabla ya kukibandua, kisha akipeleke Polisi, ambao wana njia ya kuiuliza kampuni ya simu laini ile ni ya nani. Kukitupa mtoni ni kumzamisha shahidi.

Hatusemi kwamba kufuatilia magari ni uovu. Mabasi ya masafa marefu hubeba vyombo vya namna hiyo kwa agizo la LATRA, ili mwendo wa dereva ujulikane. Mwenye kuogopa wezi akijiwekea chombo katika gari lake, nani atamlaumu? Hata mkopeshaji ana haki ya kujua iliko dhamana yake, maadamu mkopaji ameambiwa waziwazi naye akakubali. Maandishi madogo mwishoni mwa mkataba, kwa maoni yetu, si kuambiwa.

Ubaya uko katika siri. Ajuaye gari liendako ajua mtu alilala wapi, alitibiwa wapi, na alihudhuria mkutano wa nani. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili akaenda kwa nduguze Muleba hana tena maficho: kabla hajashusha mizigo, mume ameshaujua mlango. Wako wanaolicheka jambo hili kuwa ni wivu tu wa nyumbani. Sisi hatucheki.

Wala si kweli kwamba sheria iko kimya. Ibara ya 16 ya Katiba yahifadhi maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Huko Marekani, mwaka 2012, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua katika kesi ya Jones kwamba hata polisi wakibandika chombo kwenye gari la mtu, huo ni upekuzi. Gari lile lilifuatwa siku 28.

Kinachopungua kwetu ni sheria hiyo kujulikana mitaani na vituoni. Tume na isiishie mijini mikubwa. Ifike Bukoba na Muleba. Na mwananchi wa Miembeni aingiapo kituoni na kidude mkononi, aulizwe amekipata wapi na lini, asiulizwe kama amegombana na mkewe.