Madai Kuhusu Ofseti ya Opampu

"Milivolti 2 si kitu." Napinga dai hili kwanza, kwa sababu ndilo linalozaa mengine. Thamokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo milivolti 2 za ofseti, ambazo ni za kawaida kabisa kwa opampu ya LM358, zitasomeka kama nyuzi 49 ambazo tanuri halina.

"Ishara ikikuzwa mara 1, ofseti nayo hukuzwa mara 1." Si kweli kwa saketi inayogeuza ishara. Ofseti hutenda kama betri ndogo iliyo kwenye ingizo chanya, hivyo huzidishwa kwa 1 jumlisha uwiano wa rezista ya rejesho kwa ile ya ingizo. Ukuzaji wa −1 huizidisha mara 2. Saketi ya kuchanganya sauti 4, rezista zote zikiwa sawa, huizidisha mara 5, ingawa kila sauti hutoka na nguvu ileile iliyoingia nayo.

"Weka rezista kati ya ingizo chanya na ethi, ofseti itaisha." Hapa ndipo mafundi wengi hupotezwa. Ofseti ya volteji hutokana na transista mbili za ingizo zisizolingana sawasawa, na rezista hiyo haiigusi. Inachosawazisha ni mkondo mdogo wa maingizo. Kwa LM741 mkondo huo ni kama nanoampea 80. Ukipita kwenye rezista ya rejesho ya megaohmu 1, huzaa milivolti 80 kwenye tokeo. Rezista ya kusawazisha, yenye thamani ya rezista za rejesho na ingizo zikiwa sambamba, huzishusha hadi 20 hivi, kwa kuwa mikondo ya maingizo mawili nayo hutofautiana. Hiyo ni faida kubwa. Lakini kwenye TL071, yenye maingizo ya FET na mkondo wa pikoampea makumi tu, utaambulia kelele za ziada.

"Zungusha potenshiometa ya pini 1 na 5 mpaka mita isome sifuri, basi." Sifuri hiyo ni ya joto la saa ile. Boksi likipata jua, ofseti inarudi. LM358 haina hata pini za kurekebisha ofseti.

"Kapasita hutibu yote." Kwa sauti, ndiyo. Kwa thamokapo huzuia ishara yenyewe. Huko tafuta chipu inayojisahihisha, kama OPA333, ambayo ofseti yake haizidi mikrovolti 10.

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye LM741, pima. Unganisha ingizo chanya na ethi, weka ohmu 100 kutoka ingizo hasi hadi ethi na kilo-ohmu 100 kwenye rejesho, kisha gawanya volti za tokeo kwa 1001: hiyo ni ofseti ya volteji. Sasa pitisha ingizo chanya kwenye kilo-ohmu 10 kabla ya ethi. Tokeo likihama sana, tatizo lako ni mkondo, na rezista ya kusawazisha itakufaa.